Mti Uliowalisha Wachimba Madini

Kila ifikapo Desemba, maduka ya mijini hujaa mapambo ya Krismasi: mipira inayong'aa, nyuzi za fedha bandia, nyota za plastiki na malaika waliofyatuliwa kwa mashine. Mtoto huchagua, mzazi hulipa, na kabla Januari haijakwisha nusu ya mapambo hayo yamekwisha vunjika au kutupwa jalalani. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza: kabla ya kuja kwa plastiki, mapambo haya yalitengenezwa na nani, kwa mikono ya namna gani, na kwa ujira wa kiasi gani?

Ndugu msomaji, leo twende pamoja hadi Seiffen, kijiji kilicho katika milima ya jimbo la Saksonia, mashariki ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Ucheki. Milima hiyo huitwa Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Saksonia si jina geni kabisa kwa Watanzania. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka Leipzig, mji wa jimbo hilo. Na Wamoravian walioanza kazi yao Rungwe mwaka 1891 walikuwa na makao yao ya asili Herrnhut, mji mwingine wa jimbo hilo hilo. Lakini habari yetu ya leo ni ya kazi ya mikono: jinsi watu waliokuwa wakichimba madini walivyogeuka kuwa mafundi wa mbao, na jinsi dunia ilivyofurahia kazi yao bila kuwalipa haki yao.

MADINI YALIPOKWISHA

Fedha iligunduliwa katika milima hiyo, mahali penye mji wa Freiberg sasa, mwaka 1168. Watu wakamiminika kutoka pande zote. Huko Seiffen kwenyewe madini yaliyopatikana yalikuwa bati, na jina la kijiji linatokana na kazi ya kuchekecha bati katika maji ya vijito. Kwa karne nyingi baba na mwana walishuka shimoni pamoja. Wakati wa baridi kali, jua la nchi zile huchelewa kuchomoza na huwahi kutua. Basi mchimbaji aliingia ardhini alfajiri kukiwa giza, akatoka jioni kukiwa giza. Wiki nzima angeweza kupita bila kuuona mwanga wa mchana. Ndiyo maana, husema wenyeji, watu wa milima ile wanapenda mno kuwasha mishumaa madirishani wakati wa Krismasi.

Lakini shimo halina huruma. Kadiri miaka ilivyopita bati lilipungua, na gharama za kulitoa zikapanda. Mwaka 1849 uchimbaji wa bati ulifungwa Seiffen. Ardhi ya kule juu ni baridi na haina rutuba ya kutosha kulisha watu wengi. Kilichobaki ni misitu, maji ya vijito yaendayo kasi, na ustadi wa mikono.

Kwa bahati njema, wananchi wale hawakungoja mpaka shimo lifungwe ndipo waanze kufikiri. Muda mrefu kabla ya hapo walikuwa wamekwisha anza kukereza mbao kama kazi ya ziada: sahani, vijiko, vifungo na vijaluba. Magurudumu ya maji yaliyokuwa yakiendesha vinu vya kupondea mawe ya madini yakageuzwa kuendesha kerezo. Nguvu ya maji ni ile ile, ila kazi ndiyo iliyobadilika. Waliposhindwa kushindana katika vyombo vya nyumbani, wakaingia katika vinyago vya watoto na mapambo ya Krismasi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

MNYAMA ALIYEFICHWA NDANI YA PETE

Mnamo mwaka 1800 hivi, mafundi wa Seiffen walianza kutumia mbinu ambayo hadi leo humshangaza kila anayeiona. Fundi huchukua gogo la sprusi, mti wa jamii ya misonobari, lisilokuwa na vifundo. Hulikata kwa mkingamo, apate kipande cha duara kama tairi dogo. Mbao lazima ziwe zimelowa maji, kwani zikikauka hupasuka na kuwa ngumu. Duara hilo hufungwa kwenye kerezo, likazungushwa kwa kasi, na fundi akaanza kulichonga kwa patasi ndefu: mfereji hapa, tuta pale, kona hapa, mviringo kule. Akimaliza upande mmoja, huligeuza na kuchonga upande wa pili.

Mtazamaji haoni kitu ila pete yenye mikunjo isiyo na maana. Kisha fundi huweka kisu juu ya pete, akagonga kwa nyundo ndogo. Pete hupasuka; na pale palipopasuka panaonekana umbo kamili la farasi, ng'ombe, kondoo au tembo, mwenye kichwa, mgongo, tumbo na miguu. Hugonga tena na tena, kama mtu akataye vipande vya keki, na pete moja ikatoa wanyama wapatao 60, wote wenye umbo moja.

Hebu fikiri ugumu wake. Wakati anachonga, fundi hamwoni mnyama wake. Anachokiona ni mifereji tu. Mnyama yumo ndani ya gogo na ndani ya kichwa cha fundi. Kosa moja la patasi halimharibu mnyama mmoja, huwaharibu wote 60 kwa mara moja. Aidha, mbinu hii ina hekima nyingine. Nyuzi za mti husimama sambamba na miguu ya mnyama, hivyo miguu hiyo, ijapokuwa myembamba kama njiti za kiberiti, haivunjiki ovyo.

Baada ya kupasuliwa, kila kipande hulainishwa kwa kisu kidogo ili kiondokane na kingo kali. Masikio, pembe na mikia hubandikwa kwa gundi. Kisha huja rangi. Mnyama mmoja hupita katika mikono mingi: wa kwanza hupaka mwili, wa pili kwato, wa tatu macho. Leo mafundi wa kukereza pete wamebaki wachache sana, na ustadi wao huonyeshwa kwa wageni katika makumbusho ya kijiji. Makumbusho ya vinyago ya Seiffen yalifunguliwa mwaka 1953.

MALAIKA NA MCHIMBAJI

Desturi ya kupamba mti wenyewe ni ya zamani. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanaeleza miti iliyosimamishwa vyumbani ikiwa imetundikwa maua ya waridi ya karatasi, matofaa na vitu vitamu. Katika karne ya 19 mafundi wa Lauscha, mji wa jimbo la Thuringia, walianza kupuliza mipira ya kioo. Watu wa Erzgebirge walikuwa na mbao. Basi wakatundika mbao: vikengele, nyota, farasi wadogo, tarumbeta na malaika wenye urefu wa kidole.

Kila pambo lina jambo la kusimulia. Malaika na mchimba madini, kila mmoja akishika mshumaa, husimama pamoja dirishani. Kwa desturi, nyumba yenye watoto wa kike huweka malaika kwa hesabu ya mabinti, na wachimbaji kwa hesabu ya wana wa kiume. Mpita njia huweza kuijua familia kwa kutazama dirisha lake. Kanisa la Seiffen, lenye pembe nane, lililojengwa kati ya mwaka 1776 na 1779, nalo limechongwa mara nyingi mno, watoto waimbaji wakiwa wamesimama mbele yake. Na yule askari wa mbao mwenye taya pana la kuvunjia karanga, ajulikanaye ulimwenguni kote, alipata sura yake ya Seiffen mnamo mwaka 1870 hivi katika karakana ya Wilhelm Füchtner.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1915, katika kijiji cha Grünhainichen, wasanii wawili wanawake, Grete Wendt na Margarete Kühn, walianzisha karakana yao. Malaika wao wadogo wapiga muziki, wenye mabawa ya kijani na matone 11 meupe juu yake, walipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1937. Matone yale hupakwa kwa mkono, na hata leo huwa alama ya kumtambulisha malaika wa kweli.

JASHO LISILOONEKANA

Mpaka hapa habari ni tamu. Lakini kila sarafu ina pande mbili, na gazeti la familia halina budi kuonyesha zote.

Wengi wa mafundi hawa walifanya kazi majumbani. Chumba cha kulia ndicho kilikuwa karakana, na karakana ndiyo ilikuwa chumba cha kulala. Baba alikereza, mama alipaka rangi, bibi alibandika mikia, na watoto walipotoka shuleni waliketi mezani na kushika brashi. Miezi ya kabla ya Krismasi taa haikuzimwa mapema. Vumbi la mbao, harufu ya gundi inayochemka na moshi wa jiko vilikuwa hewa ya kila siku.

Fundi hakuuza kazi yake kwa mnunuzi wa mwisho. Aliiuza kwa tajiri wa kati, aliyenunua kwa jumla, akafunga katika masanduku na kuyapeleka Leipzig, Hamburg na hata ng'ambo. Tajiri huyo ndiye aliyejua bei ya London na New York. Fundi aliijua bei ya mlangoni pake tu. Hesabu ilifanywa kwa mafungu ya vipande 60, na senti alizolipwa kwa fungu hazikuwa na uwiano na saa alizotumia. Tena angalia: mbinu ya pete, iliyobuniwa ili kupata wanyama wengi kwa muda mfupi, haikumtajirisha fundi. Kila alipoongeza idadi, tajiri alipunguza bei. Faida ya akili ya mfanyakazi ikaishia mfukoni mwa asiyeshika patasi.

Basi yule tembo mdogo aliyemfurahisha mtoto wa tajiri usiku wa Krismasi huenda alipakwa rangi na mtoto wa maskini aliyekuwa akisinzia juu ya meza. Ilikuwa hadi mwaka 1903 ndipo Ujerumani ilipotunga sheria iliyoweka mipaka kwa kazi za watoto hata katika viwanda vya nyumbani. Na sheria ndani ya nyumba ni ngumu kusimamiwa, kwa kuwa si rahisi mkaguzi kubisha hodi katika kila jiko.

UMOJA NA MISUKOSUKO

Dawa mojawapo waliyoipata mafundi ni umoja. Mwaka 1919 wakerezaji wa Seiffen na vijiji vya jirani waliunda ushirika, ambao hadi leo hujulikana kwa jina la Dregeno. Shabaha ilikuwa nyepesi kueleweka: kununua mbao na rangi kwa pamoja ili kupata nafuu, na kuuza kwa pamoja ili tajiri wa kati asiwagonganishe mmoja kwa mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, milima ile ikawa ndani ya iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Karakana nyingi, ikiwamo ile ya Grünhainichen mwaka 1972, zikafanywa mali ya dola. Mafundi walipata ajira ya kudumu, na ufundi ulifundishwa kwa utaratibu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yao ilipelekwa nchi za Magharibi ili kuleta fedha za kigeni, hata wananchi wenyewe wakawa wanazitafuta kwa shida madukani mwao. Nchi ilipoungana mwaka 1990, viwanda vikubwa vilivunjika na wengi wakapoteza kazi. Karakana ndogo za familia ndizo zilizosimama tena, moja moja.

Siku hizi mpinzani wao ni mwingine: bidhaa za kuiga zitokazo viwandani mbali, zilizopakwa rangi harakaharaka na kuuzwa kwa bei ndogo. Mnunuzi asiyejua hutazama bei tu. Anayejua hutazama mabawa, akahesabu matone. Mwaka 2019 UNESCO iliiweka milima hiyo, pande za Ujerumani na Ucheki, katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya historia yake ya madini. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini heshima haijazi chungu, na fundi bado hutegemea mtu atakayekubali kulipia saa zake.

JARIBU NYUMBANI

Msomaji huenda akauliza: sisi wa mijini, tusio na kerezo wala misitu ya sprusi, tufanyeje? Pambo la mbao halihitaji mitambo. Nenda kwa fundi seremala wa mtaani kwako umwombe mabaki ya mbao laini au plaiwudi nyembamba. Vipande anavyovifagia jioni ndivyo mtaji wako.

Kwanza, chora umbo kwenye karatasi ngumu: nyota, samaki, jahazi, njiwa, kengele au twiga. Usichore umbo lenye shingo nyembamba mno, na angalia nyuzi za mbao zifuate urefu wa sehemu iliyo dhaifu, kama walivyofanya mafundi wa Seiffen kwa miguu ya wanyama wao. Pili, weka karatasi juu ya mbao, zungusha penseli, kisha kata kwa msumeno mwembamba. Kazi hii ni ya mtu mzima. Tatu, toboa tundu dogo juu kabla ya kupaka rangi, si baada yake, maana mbao ikipasuka utakuwa umepoteza kazi yote.

Nne, piga msasa: anza na ule mkwaruzo, umalizie na ule laini, ukifuata nyuzi. Hapa watoto wanaweza kusaidia, lakini fanyeni nje na mfunike pua kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la mbao si zuri kwa mapafu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uache ikauke.

Tano, paka rangi ya kwanza, nyepesi, pande zote. Ikauke vizuri, kisha ya pili. Rangi nzito ya mara moja hutiririka na kupasuka. Kwa madoa na macho usitumie brashi: chovya ncha ya kijiti au msumari butu katika rangi, uguse mara moja na kuinua. Utapata doa la mviringo safi. Sita, zikikauka kabisa, paka vanishi nyembamba, upitishe uzi, na pambo liko tayari kutundikwa kwenye tawi la mvinje au msonobari.

Mambo matatu yazingatiwe. Nunua rangi ambayo kopo lake linaonyesha kuwa haina madini ya risasi, kwani risasi hudhuru akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mapambo madogo yasifikiwe na mtoto aliye chini ya miaka mitatu, asije akayameza. Na mishumaa ya moto isiwekwe kabisa kwenye mti uliokauka; nyumba nyingi duniani zimeteketea kwa furaha ya namna hiyo.

PIGA HESABU YA JASHO

Ukitaka kuuza, usirudie kosa lililowatesa wakerezaji wa zamani: kusahau kuhesabu muda wako. Tuchukue mfano. Tuseme mbao, rangi, msasa na uzi vimekugharimu shilingi 10,000, nawe umepata mapambo 40. Kila pambo limekula shilingi 250 za vifaa. Tuseme tena umefanya kazi saa 20. Kila pambo limekula nusu saa. Ukiithamini saa yako kwa shilingi 1,000 tu, jasho katika kila pambo ni shilingi 500. Basi bei isiyokupa hasara ni shilingi 750.

Akija mchuuzi akakwambia, "Nitachukua yote kwa shilingi 400 kila moja," utaona noti nyingi mkononi na moyo utafurahi. Lakini toa zile 250 za vifaa: umebakiwa na 150 kwa nusu saa, yaani 300 kwa saa. Umefanya kazi kwa chini ya theluthi moja ya ujira ulioujiwekea mwenyewe. Ndivyo walivyodhulumiwa watu wa Seiffen. Si kwa bakora, bali kwa hesabu ambayo hawakupewa nafasi ya kuipiga.

Majirani watano wakinunua rangi pamoja, wakaazimana msumeno mmoja na kukubaliana bei moja, mchuuzi huyo atabadili maneno yake.

Na kwa yule asiyetaka kuuza, faida ipo vile vile. Jumamosi moja mezani, baba akikata, mama akipaka, watoto wakipiga msasa kwa hiari yao na kwenda kucheza wachokapo, ni jambo lisilouzwa dukani. Nyuma ya kila pambo andikeni jina la aliyelitengeneza na mwaka. Krismasi ijayo mtakapofungua sanduku, mtoto atalitafuta lake kwanza. Miaka 20 baadaye atalitafuta tena, naye atakuwa na mtoto wake wa kumwonyesha.

Tena siku nyingine ukiwa dukani na umeshika mkononi pambo lililochongwa na kupakwa kwa mkono, kabla ya kusema kuwa ni ghali, ligeuze uhesabu matone.